Billa Lydersen na Kiunzi cha Jákup

Jumanne tarehe 30 Aprili, saa tisa alasiri, Billa Lydersen atafunga droo yake ya mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia Ofisi ya Kamusi hapa Tórshavn kwa miaka arobaini na mmoja kasoro siku mbili. Siku hizo mbili amezitaja mwenyewe. Rasimu ya wasifu huu iliposema "miaka arobaini na mmoja", aliipata mezani, akaisoma bila ruhusa ya mtu, akairudisha na alama ya penseli pembeni: "Hesabuni vizuri."

Aliajiriwa tarehe 3 Mei 1983 kama mpiga chapa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ametoka kisiwa cha Sandoy, binti wa mpishi wa meli ya uvuvi. Kazi yake ilikuwa kunakili kadi za herufi B, na alitarajiwa kunakili tu. Mhariri mkuu wakati huo alikuwa Dk. Hákun Reinert, mtu mwenye heshima zake, aliyeamini kwamba neno halijakuwa neno mpaka lichapishwe mahali.

Wiki ya tatu Billa alifika kwenye kadi ya beinagrind, yaani neno letu la kiunzi cha mifupa. Kadi ilikuwa na mstari mmoja: "Mifupa yote ya mwili ikiwa imeungana." Aliinuka nayo mkononi, akaenda hadi mlangoni kwa mkuu wake.

"Daktari, kadi hii ina mifupa tu. Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wanaolisema hilo neno. Mama humwita hivyo kondoo aliyenusurika majira ya baridi. Baba huuita hivyo mwavuli."

"Mwavuli?"

"Ukishatoka nao nje, kwenye upepo wetu."

Dk. Reinert alivua miwani. "Binti, kamusi si gumzo la gatini."

"Basi na gatini hawataisoma, Daktari."

Waliokuwapo wanasema ofisi nzima iliacha kuandika. Kesho yake Billa alikuta mezani kasha la kadi tupu mia tano, na juu yake kikaratasi: "Mashahidi watatu kwa kila maana. Si wawili." Kwa waliomjua mzee yule, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Ndivyo alivyoanza kusafiri. Jumamosi baada ya Jumamosi alipanda feri na chupa yake ya kahawa, akatapika njiani (miaka yote hii bahari haijawahi kumzoea), akashuka kijijini mweupe kama karatasi na kuuliza watu wanasemaje. Neno lile moja tu lilimletea kadi sitini na mbili. Kuna kijiji ambako nyumba iliyosimamishwa nguzo na kenchi, haijapigwa mbao, ni kiunzi. Kwingine ni samaki aliyebaki sahanini, mgeni akishashiba. Kasisi mmoja alikiri kwamba kila Ijumaa huwa na "kiunzi cha mahubiri" na kwamba kuna Jumapili nyama haikupatikana. Timu ya mpira iliyokuja na wachezaji wanane iliitwa hivyo na mashabiki wake wenyewe. Na mtu aliyekonda ana majina kama mvua: mbavu za ngazi, gofu, fito, ng'onda, mifupa iliyoazima ngozi. Hili la mwisho Billa alilipata kwa mwanamke aliyekuwa akimsema mumewe, na mume amekaa hapo hapo anakula viazi.

Kadi hizo ndizo zilizozaa Kamusi ya Visawe ya mwaka 1998, ambayo wengi wenu mnayo nyumbani, na toleo la pili la 2015. Ni yeye pia aliyesimamia kuhamishia kadi zetu kwenye kompyuta, kazi ya miaka sita, huku akikataa katakata kadi zenyewe kutupwa. "Kompyuta ikizimika, mtanifuata nyumbani," alisema. Ilizimika mwaka 2007, kwa siku nne. Tulimfuata nyumbani.

Lakini wasifu huu ungekuwa pungufu bila habari ya kiunzi cha Jákup. Billa haipendi kuisimulia. Mwandishi wa mistari hii alikuwa meza ya jirani mwaka huo, kwa hiyo ataisimulia yeye.

Mwezi Juni 2003 ofisi ilipokea barua fupi, mwandiko wa kizamani. "Mimi ni Elspa, binti wa Dánjal fundi boti wa Teistavík. Nina swali moja. Je, beinagrind ni mifupa ya kiumbe tu, siku zote? Naomba jibu kabla ya Oktoba."

Billa hakujibu kwa barua. Alipanda feri.

Elspa alikuwa na miaka sabini na saba, akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya kijiji, ile inayopigwa na upepo kwanza. Alimkaribisha mgeni wake jikoni, akamwekea chai na mkate na jamu ya rubabi, mmea mchachu wa bustanini, kisha akaweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soma," alisema. "Kila mtu ameshaisoma. Wewe ndiye uliyebaki."

Ulikuwa mwandiko wa baba yake, bila tarehe. "Beinagrind ya Jákup iko chini ya sakafu ya banda. Isiguswe maadamu niko hai."

Jákup alikuwa rafiki wa Dánjal. Septemba 1938 alitoka nyumbani kuvuka mlima kwenda kijiji cha pili, siku ya ukungu, na hakufika. Walimtafuta wiki mbili, hawakupata hata kofia. Siku chache kabla ya hapo watu walikuwa wamewasikia hao wawili wakigombana ndani ya banda la boti. Hakuna aliyelitilia maanani, mpaka Dánjal alipofariki mwaka 1951. Jirani aliyesaidia kufungua kasha lake ndiye aliyeikuta karatasi, akaisoma kwa sauti, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na jibu. Kuchimba hakukuwezekana. Bahari ilikuwa imeshalichukua banda lile miaka miwili kabla, sakafu na vyote.

"Tangu siku hiyo mimi ni binti wa muuaji," alisema Elspa, kama mtu anayetaja anwani yake. "Hakuna aliyenitukana, usidhani. Ni kwamba tu nikiingia dukani, mazungumzo yanaisha."

"Na Oktoba kuna nini, mama?"

"Kitabu. Historia ya kijiji. Mwalimu Eyðun ameandika, na barua hii imo, na picha ya baba juu yake. Nilimwendea. Akaniambia, 'Bi Elspa, mimi sisemi aliua. Naichapisha barua tu, msomaji ataamua.' Nikamwambia, mwalimu, msomaji ameshaamua tangu mwaka hamsini na moja."

Billa alinakili barua ile neno kwa neno. Alipokuwa akivaa koti, Elspa alimshika mkono.

"Usinionee huruma. Ikiwa ni mifupa, niambie ni mifupa. Nimeishi nayo muda mrefu, siogopi kufa nayo. Ila sitaki kufa bila kuuliza."

Ofisini Billa alikuwa na wazo tayari. Dánjal alikuwa fundi boti, na boti ina mbavu, yale mataruma yanayoishikilia kwa ndani. Bila shaka mzee alimaanisha kiunzi cha boti. Alimweleza Dk. Reinert amesimama, hata koti hajavua.

Dk. Reinert, ambaye baba yake naye alikuwa fundi boti, alitikisa kichwa polepole. "Boti za kwetu huanza na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, kisha mbao za ubavuni. Mataruma huingia mwisho. Hakuna siku boti yetu inasimama mifupa mitupu, Billa. Hicho unachokiwaza ni cha meli za watu wengine."

"Naweza kuuliza."

"Unaweza. Lakini nikwambie kitu. Mtu akiihitaji maana sana, huwa inapatikana. Hapo ndipo pa hatari."

Billa hakulipenda neno hilo, lakini alilisikia. Alichora picha ishirini: kondoo aliyekonda, paa lisiloezekwa, baiskeli mbovu, samaki, na katikati yake boti yenye mataruma yake. Alizunguka nazo vijiji vyote vya ghuba ile akiuliza swali moja tu, "Hiki mnakiitaje?" Hakutaja Teistavík wala barua. Wazee kumi na mmoja waliitazama picha ya boti. Wote kumi na mmoja wakasema mataruma. Hakuna hata mmoja aliyesema kiunzi. Mmoja alimkosoa mchoro: "Boti yako hii itazama, dada."

Mwishoni mwa Julai alimwandikia Elspa. Tulimwona akichana karatasi tatu kabla ya kupata ile aliyoituma. Ilisema kwamba ameuliza kwa uaminifu na hajapata maana nyingine. Jibu lilikuja kwa simu. "Ahsante kwa kutonidanganya," alisema Elspa, akakata.

Wiki hizo Billa hakuwa Billa. Hakuimba kwenye ngazi kama kawaida yake. Ndipo Dk. Reinert alipomtuma upande wa pili wa ghuba kukusanya maneno ya ukataji majani, kazi isiyohusiana kabisa, nadhani ili apate hewa.

Alifikia kwa Malja, mjane wa miaka themanini na sita ambaye hakuwamo kati ya wale kumi na mmoja, mkali na mcheshi. Walizungumza habari za miundu na majani makavu asubuhi nzima. Malja alipokwenda kuongeza kahawa, ubao mmoja wa sakafu ulilia chini ya mguu wake, naye akaupiga teke.

"Ubao huu! Marehemu mume wangu ndiye aliyeuharibu. Kila siku kuung'oa, kila siku kuung'oa, kutazama beinagrind zake."

Billa ametuambia kwamba kalamu ilimdondoka. Hapo ndipo alipotaka kusema mengi, na ndipo alipoonyesha ni mfanyakazi wa namna gani. Aliinama, akaokota kalamu, akauliza kwa upole, "Kutazama nini, mama?"

"Beinagrind. Za boti. Wewe si ndiye mtu wa maneno?"

"Niambie kama vile sijui kitu."

"Ndiyo maana nakwambia! Hapa kuna mti gani? Hakuna. Taruma halikatwi kwenye ubao ulionyooka, linataka mti uliojipinda wenyewe. Basi mtu akitaka boti, fundi anamwokotea. Leo tawi limeletwa na bahari, mwakani kipande cha meli iliyovunjika. Analichonga kidogo, analiweka chini ya sakafu kwenye ubaridi lisipasuke. Miaka mitatu, minne, mpaka seti itimie. Kila aliyeagiza ana fungu lake, limefungwa kamba, lina jina lake. Hiyo ndiyo beinagrind yake. Boti yenyewe ikishajengwa, hakuna anayeita hivyo tena. Ni mataruma."

Kumbe picha ilikuwa na kosa. Wazee walikuwa wameonyeshwa boti, na ndani ya boti neno lile halikai. Hukaa chini ya sakafu tu, wakati boti bado ni ahadi.

"Na mwenye fungu akifa, mama? Au akipotea?"

Malja alikaa kitako. "Haliguswi. Fundi mwenye haya hampi mtu mwingine mbavu za mtu. Mume wangu alikaa na ya mtu mmoja aliyekwenda Iceland miaka tisa. Nilimwambia, tuwashie moto basi. Hakunisemesha siku mbili."

Huyo alikuwa shahidi wa kwanza. Wa pili alipatikana katika nyumba ya wazee hapa mjini, mhunzi wa zamani asiyeona, ambaye Billa alimuuliza tu, "Chini ya sakafu ya fundi boti palikuwa na nini?" akajibu bila kufikiri, "Beinagrind za wateja wake." Wa tatu hakupatikana. Agosti ikaisha. Waliobaki wenye umri huo walikuwa wachache, na wengine akili zao zilikuwa zimeshatangulia. Tulimshauri Billa aandike na mashahidi wawili, nani angemlaumu? Alikataa. "Nikimlegezea Elspa kanuni, maana yake nimempa huruma. Alinikataza."

Siku tatu mfululizo Dk. Reinert hakuonekana ofisini. Siku ya nne alikuja na vumbi la hifadhi ya nyaraka mabegani, akaweka nakala moja mbele ya Billa. Ilikuwa orodha ya mali ya marehemu mmoja, fundi wa ghuba ile ile, imeandikwa na karani mwaka 1926: shoka mbili, randa, sufuria ya lami, "na beinagrind mbili za boti za makasia manne, chini ya sakafu, zenye majina ya wenyewe."

"Wa tatu," alisema. Akaenda kunywa kahawa yake.

Kadi aliyoiandika Billa siku hiyo bado ipo, namba sitini na tatu. Baada ya maana na mashahidi wake, kuna mstari wa chini ambao wengi wetu tusingekuwa na ujasiri wa kuuweka: "Neno hili halituambii Jákup alikwenda wapi." Aliipeleka nakala kwa mwalimu Eyðun kwa mkono wake. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Hakubishana. Alisema tu, "Nilifundisha lugha miaka thelathini," na akampigia simu mchapaji asubiri.

Kitabu kilizinduliwa Novemba, Jumapili mchana, katika ukumbi wa Teistavík. Elspa alikuja akiwa amevaa mavazi ya sherehe ya mama yake, akakaa meza ya karibu na mlango, peke yake. Billa alikaa meza ya pili pamoja nasi wa ofisini, bado mweupe kwa sababu ya feri. Mwalimu aliisoma barua ya Dánjal mbele ya watu wote, kisha akaisoma kadi ya Billa, pamoja na ule mstari wa mwisho. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama vikombe vyao.

Kisha Óli, mpwa wa Jákup, mzee wa miaka sabini aliyekuwa hajamsalimia Elspa tangu ujana wao, aliinuka na sahani ya keki. Alivuka ukumbi taratibu, maana nyonga ilimsumbua, akavuta kiti mezani kwa Elspa bila kuomba. Tuliisikia sahani ikisukumwa juu ya kitambaa.

"Kula, Elspa," alisema. "Umekuwa beinagrind."

Nilifunga macho. Kati ya maneno yote!

Elspa aliitazama sahani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na tulipotambua kwamba anacheka, tayari kila mtu alikuwa anacheka, na wengine wanapangusa macho. "Nina miaka sabini na saba, Óli," alisema. "Ulitaka ninenepe lini?"

"Nilichelewa kuleta keki," alisema Óli.

Elspa akala vipande viwili. Óli akambebea cha tatu ndani ya karatasi. Aliishi miaka sita zaidi, Elspa, na kila Jumapili kulikuwa na kiti cha pili kimekaliwa jikoni kwake.

Mwaka uliofuata Dk. Reinert alistaafu na Billa akawa mhariri mkuu wa visawe. Amewafundisha kazi vijana kumi na wanne, wanne kati yao wako nasi leo, na wote hutuandikia "mashahidi watatu" hata kwenye orodha ya chai. Amekuwa mkali kwa wavivu na mpole kwa waliokosea kwa kujaribu. Hajawahi kupoteza kadi. Amewahi kupoteza miwani mara nyingi mno kuhesabika, nyingi zikiwa kichwani pake.

Kuanzia Mei atakuwa nyumbani Sandoy na mumewe Hanus, ambaye ameshaahidiwa uzio mpya wa bustani ya viazi na anasubiri kwa mashaka kujua ni nani atakayeujenga. Kuna sweta iliyoanza kufumwa mwaka 2011. Kuna wajukuu watatu, na mdogo wao ameanza kusema.

Wiki iliyopita simu ililia mezani kwake. Alikuwa mama mmoja kutoka visiwa vya kaskazini, amebishana na shemeji yake kuhusu neno fulani. Alitaka kujua kama limo kwenye kamusi, maana shemeji anasema kama halimo basi si neno. Billa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza nani hulisema, lini, na kwa kitu gani. Kisha akamwambia:

"Kama mmelisema leo asubuhi na mkaelewana, mama, neno lipo. Sisi ndio hatujafika."

Billa, kwa niaba ya ofisi, ya waliotutangulia, na ya watu wote wa ghuba na visiwa ambao uliwauliza wanasemaje kisha ukanyamaza ili wajibu: ahsante. Uishi kwa raha na afya, uzione siku nyingi njema Sandoy, na bahari ikutulie kidogo kila utakapokuja kututazama.